Mateja ni watoto wetu: Tuwatibu, tusiwalaani



Ndugu zangu Waislamu, leo nina jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi.

Mwaka 2004 nilikuwa katika kamati ya msikiti mmoja hapa Dar es Salaam. Viatu vya waumini vilikuwa vikiibwa karibu kila Alasiri. Siku moja tukamkamata kijana wa mtaani petu na jozi mbili kwapani. Alikuwa teja. Tulimtukana, wengine wakampiga, na mimi ndiye niliyesema asikanyage tena pale. Mama yake alisimama nje, ameshika ncha ya kanga yake, hakusema neno.

Haukupita mwaka tukaja kujua kwamba dada wa kijana yule naye alikuwa anatumia unga. Yeye hakuiba viatu wala hakukaa kijiweni. Alifichwa ndani, mama akisema mwanawe anaumwa tumbo. Siri ilitoka alipopata ujauzito. Nyumba moja, unga mmoja, lakini mashaka ya kaka hayakuwa mashaka ya dada. Tuyaangalie makundi haya moja baada ya jingine.

La kwanza ni vijana wa kiume. Heroini imekuwapo katika pwani yetu, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, tangu miaka ya 1980. Mwanzo ilivutwa. Kuelekea mwaka 2000 ukaingia unga mweupe unaoyeyuka katika maji, na sindano zikaenea. Kijana huonjeshwa na rafiki kijiweni, katika umri ambao akili ya kupima matokeo bado inakomaa. Baada ya muda hatafuti tena starehe, anakimbia arosto: kamasi, jasho, viungo kuuma, kutapika na kuharisha. Hayo huanza hata kabla nusu siku haijapita tangu kete ya mwisho. Ndiyo maana anaiba hata viatu vya mtu anayesali.

La pili ni wanawake. Hao ni wachache, lakini wanaumia zaidi. Uchunguzi uliofanyika Dar es Salaam ulionyesha kuwa wanawake wanaojidunga wameathirika na VVU kuliko wanaume wanaojidunga. Wengi hulazimika kuuza miili yao ili wapate kete. Mwaka 2005 ilielezwa katika maandishi ya kitabibu kuwa baadhi yao hapa mjini walikuwa wakipeana damu: aliyejidunga huvuta damu yake kwa bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na pesa, wakiamini itamtuliza. Fikiri dhiki iliyowafikisha hapo! Na sisi aibu yetu inawafungia ndani, mbali na daktari.

La tatu ni mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito akikatishwa unga ghafla, mimba yaweza kuharibika. Akiendelea nao, mtoto huzaliwa na arosto yake, analia na kutetemeka. Mama huyu apelekwe hospitali, asifungiwe chumbani.

La nne ni yule aliyeacha kwa muda, gerezani au kwa kufungiwa nyumbani. Mwili wake umeshasahau kile kipimo cha zamani. Akirudia kiasi kilekile, pumzi hukatika. Hivyo ndivyo alivyokufa kijana wetu wa viatu, siku chache baada ya kutoka jela. Jeneza lake liliingia katika msikiti uleule niliomfukuza. Siku hiyo hakuna aliyemzuia mlangoni.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba unga ni jambo dogo. Uharamu wa kilevi uko wazi katika Suratul Maida, aya ya 90, na wanazuoni wameingiza humo kila kinachoharibu akili. Lakini katika Sahih Bukhari imepokewa habari ya mtu aliyeletwa kwa Mtume (SAW) mara kwa mara kwa kosa la ulevi. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume (SAW) akakataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu alipewa, laana ikazuiwa. Sisi tulianza na laana.

Leo tiba ipo. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, na Zanzibar mwaka 2015. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto ikatulia, akaweza kufanya kazi na kulala kwake. Wapo wanaosema huko ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Mimi nawauliza: anayekunywa dawa kwa kipimo cha daktari, akalea wanawe na kusimama katika safu, ni sawa na anayejidunga uchochoroni?

Basi kila kamati ya msikiti ichague watu wawili wa kuwasindikiza vijana kliniki. Kina mama wawe na mwanamke wa kumweleza siri zao bila kuogopa kutangazwa. Anayetoka jela apokewe siku ileile, aonywe kuhusu hatari ya kipimo cha zamani. Na mwizi wa viatu akikamatwa, kabla ya fimbo, aulizwe: nyumbani mko wangapi?

Mimi sikuuliza. Namuomba Allah (SW) anisamehe, na amrehemu kijana yule.

Wabillahi tawfiq.