Miraba Mingi, Vipimamvua Vichache

Maswali ya wasomaji wa mwambao wa Ziwa Mweru kuhusu ramani za mvua na joto

Ramani ya simuni inaonyesha mvua ya Puta kilomita kwa kilomita. Mbona jirani kanyeshewa, mimi nimekosa?

Barua za aina hii zimejaa mezani, kutoka Puta na Nchelenge mpaka Pweto, ng'ambo ya Kongo. Nazijibu kwa mkupuo mmoja.

Ndugu zangu, udogo wa mraba wa ramani si uhakika wa namba iliyomo. Chukueni ramani za WorldClim, toleo la 2017: miraba ya kilomita moja hivi, wastani wa miaka 1970 hadi 2000. Hakuna aliyesimamisha kipimamvua katika kila mraba. Modeli hukusanya vituo vilivyopo, hutazama vilipo na mwinuko wake, kisha hutandaza uso laini juu yake, kama turubai juu ya nguzo. Nguzo zikikaribiana, turubai hukaa sawa. Zikiachana, hulegea inavyotaka. Kwetu zimeachana mno. Upande wa Kongo, vituo walivyoacha Wabelgiji viliporomoka baada ya 1960. Ukiigawa turubai iliyolegea vipande elfu, hujaikaza hata kidogo. Umepata tu vipande elfu vilivyolegea.

Zaidi ya hayo, wastani wa miaka thelathini hauijui Jumanne yako. Hata CHIRPS, inayochanganya setilaiti na vituo tangu 1981, ina miraba ya kilomita tano hivi, na wingu moja la radi linaweza kulowesha shamba moja na kuliruka la pili.

Kuna kijana anauza "utabiri wa shamba lako" wa msimu mzima. Ninunue?

Hapana.

Basi ramani nzuri nitaijuaje?

Muulize mchoraji alificha vituo gani. Mtaalamu mkweli hukiondoa kituo kimoja, huiacha modeli ikikisie, halafu hulinganisha na kilichopimwa, akirudia kituo kwa kituo. Asiyeweza kukutajia kosa lake kwa milimita anakuuzia rangi.

Ukipanda mlima mvua huongezeka, sivyo?

Mpaka mahali fulani. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, mvua huongezeka hadi msituni, karibu mita 2,200, kisha hupungua kuelekea kilele kikavu. Upande wa kaskazini ni mkavu zaidi kwa mwinuko uleule. Modeli inayojua mwinuko bila kujua mlima umeelekea wapi itakupotosha.

Shamba langu liko kwenye dambo, bonde la majimaji, huku Kawambwa. Usiku wa Juni tunatetemeka kuliko walio kilimani, ramani inasema kinyume.

Uko sahihi, ramani imekosea. Joto hupungua nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000, lakini huo ni wastani. Usiku mkavu usio na mawingu, hewa baridi ni nzito. Huteremka na kutuama damboni. Kwa hiyo kila mwezi unahitaji hesabu yake ya joto na mwinuko. Anayetumia kanuni moja mwaka mzima ni mvivu.

Naanika chisense, dagaa wa ziwani. Ramani ya mwezi itanisaidia?

Kidogo sana. Modeli ya mwinuko huliona ziwa kama uwanda tu, mita 900 na kitu. Upepo wa ziwani na nchi kavu haiujui mpaka uipe umbali kutoka majini. Kwa kuanika, sikiliza utabiri wa siku.

Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, nasi tulinyeshewa. Walidanganya?

Hawakudanganya. Ukame ule uliletwa na El Niño, nayo huumiza zaidi kusini mwa Zambia; mkoa wetu wa Luapula uko kaskazini.

Je, mtu anaweza kufunga mvua?

Aje afunge mbele ya kipimamvua.

Shule yetu ina kipimamvua kilichojaa utando wa buibui. Kina faida gani?

Hili ndilo linaloniuma. Tunalilia ramani huku nguzo zinaoza uani! Kisafisheni, kikae wazi mbali na miti na kuta, kisomwe kila siku saa ileile, likizo pia. Pasiponyesha, andikeni sifuri. Nafasi tupu si sifuri. Na mkikosa Jumamosi na Jumapili, andikeni kwamba maji ya Jumatatu ni ya siku tatu. Msiyagawe kwa kukisia.