Wiki ya Tatu: Nilivyolinda Vipandikizi Vyangu Mpaka Mfupa Ukashika

Wiki ya kwanza hakuna aliyehitaji kunikumbusha chochote. Uso ulikuwa umevimba, nyuzi bado zimo kwenye fizi, na hata kijiko cha uji nilikipeleka mdomoni kwa woga. Hatari ilinijia wiki ya tatu, uvimbe ulipokwisha, nyuzi zilipotolewa, nami nikaanza kujiona mzima. Nimeandika makala hii kwa ajili ya siku hizo. Wengi wetu tunaowekewa vipandikizi vya kushikilia meno bandia tunaelezwa vizuri habari za upasuaji, na tunaelezwa siku ya kuja kufungiwa meno. Hapo katikati tunabaki kubahatisha.

Nina miaka 63. Meno ya chini yote yalikwisha zamani, na seti niliyotengenezewa haikuwahi kutulia. Ya juu hujinata kwenye kaakaa, lakini ya chini imekaa juu ya ukingo mwembamba wa fizi tu, na ulimi unaisukuma kila ukisema neno. Tena taya lisilo na meno huendelea kuliwa mwaka hadi mwaka, hivyo ukingo wenyewe unazidi kushuka. Daktari akanishauri vipandikizi viwili mbele, mahali palipokuwa na chonge. Huo si ushauri wa mtu mmoja: mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na jino hata moja chini, meno bandia yanayoshikiliwa na vipandikizi viwili ndiyo yawe chaguo la kwanza.

Siku ya upasuaji uliza swali moja kabla hujashuka kwenye kiti: vimekaza kwa nguvu kiasi gani? Daktari anayo namba hiyo, maana mashine au spana yake humwonyesha. Changu cha kulia kilikaza kwa nyutoni sentimita 40, cha kushoto 25. Madaktari wengi hutaka angalau 35 ndipo wakubali kipandikizi kibebe meno siku hiyo hiyo. Kwa sababu ya kile cha kushoto, tulikubaliana visubiri miezi mitatu bila kubeba kitu. Juu yake vilifungwa vifuniko vidogo vya chuma vilivyochomoza kidogo kwenye fizi.

Jambo ambalo ningependa ningelielewa siku ile ni kwamba uimara wa siku ya kwanza si ule utakaokaa nao. Siku ya kwanza kipandikizi kimeshikwa kama skrubu inavyoshikwa na mbao, kwa kubanwa tu. Lakini mfupa u hai. Sehemu iliyobanwa na kukerezwa huumia, na mwili huiondoa kwanza kabla ya kujenga mfupa mpya pembeni ya titani. Kwa hiyo ule mbano wa mwanzo hupungua, mfupa mpya nao haujakomaa, na kati ya wiki ya pili na ya nne hivi kipandikizi huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Nawe wakati huo huna maumivu yoyote ya kukuonya. Kikitikisika kupita takriban mikromita 150, unene wa kama nywele mbili, mwili huweka utando wa nyama mahali palipotakiwa mfupa, na utando huo haushiki kamwe.

Subira hii ina historia. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua miaka ya 1950, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, kwamba titani ilikuwa imeungana na mfupa kiasi cha kutotoka. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa vipandikizi mwaka 1965, na vilimhudumia hadi alipofariki mwaka 2006. Utaratibu wa Brånemark ulikuwa kuvifunika chini ya fizi na kuviacha miezi mitatu taya la chini, sita la juu.

Sasa niseme nilivyofanya. Siku 14 za mwanzo sikuvaa meno ya chini kabisa. Nilikwenda msibani nimejifunika mtandio mdomoni, na walioniuliza niliwajibu kweli kwamba nina kidonda. Baada ya hapo daktari alichimba ndani ya seti yangu ya zamani, akaacha nafasi juu ya kila kifuniko, kisha akaweka bitana laini. Akanionya: yakae juu ya fizi, yasiguse vile vyuma.

Wiki ya tatu mpwa wangu akaoa. Nilikula pilau, na nyama ya mbuzi nikaitafuna upande wa kushoto. Sikuumia. Ila kesho yake nilipovaa meno nilihisi yanacheza kidogo, kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Ningeweza kupuuza. Nilipanda daladala nikaenda kliniki.

"Shikamoo mama. Umekula nini?"

"Marahaba mwanangu. Nyama, jana."

Alikausha meno yangu, akapaka ndani dawa nyeupe nzito kwa brashi ndogo, akanivalisha na kuniambia niume taratibu. Alipoyatoa akanionyesha. Ndani kote kulikuwa kweupe, isipokuwa upande wa kushoto, palipokuwa na doa la waridi la ukubwa wa punje ya kunde. Pale dawa ilikuwa imesukumwa ikaisha, na rangi ya plastiki ikaonekana. Ndipo meno yalipokuwa yakikanyaga kifuniko. Akakwangua, akapaka tena, akanivalisha tena. Mara ya tatu weupe ulibaki pote.

Sababu aliyonipa ndiyo nimeishika zaidi. Alipochimba ile nafasi, fizi zangu zilikuwa bado zimejaa. Uvimbe ulipoisha, meno yalishuka pamoja na fizi, lakini chuma hakishuki. Nafasi ikaisha. Bitana nayo huanza kuwa ngumu baada ya muda na huhitaji kubadilishwa. Kwa maneno mengine, meno yaliyokaa vizuri wiki ya pili yanaweza kuwa yanagonga kipandikizi wiki ya tatu bila wewe kufanya kosa lolote, na mimi juu ya hapo niliongeza nyama ya mbuzi.

Tangu siku ile mpaka miezi mitatu nilikula mtori, uji wa ulezi, mayai, parachichi, ndizi zilizopikwa zikalainika na samaki aliyechambuliwa miiba. Makande, mihogo ya kukaanga, mahindi ya kuchoma, korosho na miwa niliviacha kabisa. Sikukata kitu kwa meno ya mbele, kwa sababu ukikata mbele seti hubinuka na mzigo wote huangukia pale vilipo vipandikizi. Nilitafuna pande zote mbili kwa pamoja. Usiku nilivua meno nikayaweka kwenye maji baridi, na vifuniko nilivisafisha kwa mswaki laini na dawa ya kusukutua ya klorheksidini kwa muda alioniandikia daktari tu. Kama una kisukari, sukari yako iwe imedhibitiwa kabla ya upasuaji na baada yake. Sigara huchelewesha mfupa kupona, na ukiweza iache moja kwa moja.

Usikiguse kifuniko kwa ulimi wala kidole ili kupima kama kimeshika, maana huko ndiko kukitikisa. Ukihisi kitu kinacheza, huenda ni kifuniko tu kimelegea, jambo dogo ambalo daktari hulikaza kwa dakika moja. Usijaribu kukikaza mwenyewe. Maumivu yanayorudi baada ya kuisha, usaha, au fizi inayovimba upya, usivisubirie tarehe ya miadi.

Miezi mitatu ilipotimia, daktari alifunga kijiti chenye sumaku juu ya kila kipandikizi, akakisogezea kipimo bila kukigusa. Kipimo hicho husoma uthabiti kwa skeli ya 1 hadi 100. Cha kushoto siku ya upasuaji kilisoma 58. Sasa kilisoma 71, karibu sawa na mwenzake. Wiki iliyofuata alifunga vishikizo, nikayavaa meno, yakajifunga kwa mlio mdogo pande zote mbili. Niliongea na binti yangu kwa simu nusu saa nzima bila kuyashika kwa ulimi.

Kama unasoma haya ukiwa katika wiki ya tatu na huumwi popote, mpigie daktari wako leo, umwombe akupakie ile dawa nyeupe ndani ya meno.