Dilei ni Saa: Maswali Yenu Kuhusu Pedali za Gitaa

Droo ya meza yangu hapa Buyenzi haifungi kwa barua. Zile zinazouliza pedali ipi ni nzuri nimeziweka kando. Wauzaji watawajibu kwa furaha. Nimechagua zilizoninyima usingizi.

*Kaka yangu yuko Marekani, alinitumia pedali ya efekti nyingi pamoja na adapta yake. Nilipoichomeka ukutani ikalia "pap" na kutoa harufu. Jirani anasema pedali za Marekani hazipatani na joto la Bujumbura.* (Ngagara, na wengine wanne wenye kisa hicho hicho)

Joto halina kosa. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wetu ni takriban 230. Geuza adapta usome maandishi madogo mgongoni. Ikiwa umeme unaoingia umeandikwa 120 peke yake, usiichomeke hapa hata kwa sekunde moja. Ikiwa ni 100 hadi 240, haina shida. Pedali yenyewe haijui iko nchi gani. Inajua volti zinazoifikia tu, na kwa nyingi hizo ni 9.

Kinachoniumiza ni kinachofuata. Adapta ikishaungua, mtu anakimbilia sokoni na kuuziwa yoyote ambayo jeki yake inaingia. Wiki iliyopita nilifungua pedali iliyolishwa adapta ya kompyuta ya volti 19. Nyuma ya tundu la umeme, ubao ulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa punje ya mtama, na sehemu ya saketi iliyo jirani ilikuwa imepasuka katikati. Mwenyewe alikuwa amedunduliza pesa mwaka mzima.

Kabla ya kununua, angalia mambo manne: volti ziwe zile zile, umeme unaotoka uwe wa mkondo mnyoofu au wa mkondo geu kama pedali inavyotaka (Line 6 DL4 ya kwanza, kwa mfano, ilitaka mkondo geu, na adapta yake huua pedali nyingine), miliampea zilingane na za pedali au zizidi, na mchoro wa alama ya hasi na chanya ufanane na ule ulio kwenye pedali. Boss na Zoom nyingi ni hasi katikati. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa", ondoka dukani kwake.

*Je, dilei inasaidia kuficha makosa ya vidole?* (Bwiza)

Inayarudia.

*Dilei yangu ni tamu kwenye nyimbo za kuabudu, lakini tukiingia sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, inakuwa fujo. Ninunue pedali nyingine?*

Swali hili limekuja katika barua kumi na moja, kutoka Kamenge, Kinama, Kanyosha hadi Uvira ng'ambo ya mpaka, kwa maneno tofauti. Nazijibu zote kwa pamoja, na nitakaa hapa, kwa sababu ndilo kosa ninalopigana nalo tangu nianze kazi.

Pedali zenu ni nzima. Mmeaminishwa kwamba dilei ni kiungo cha mchuzi: nyunyiza kidogo, sauti inakolea. Dilei ni saa. Inanasa ulichopiga, inakishika kwa muda uliouamuru, kisha inakirudisha. Simama mita 85 mbele ya ukuta mkubwa upige kofi moja. Sauti itakwenda na kurudi, jumla mita 170, na kwa kuwa inasafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kofi lako litakurudia baada ya nusu sekunde. Ukuta hausubiri wimbo wako. Pedali nayo haisubiri, mpaka uiambie.

Sisi wa nchi hii tusingepaswa kufundishwa jambo hili na mtu wa nje. Tazameni ngoma zetu za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Inkiranya iko katikati, inaongoza. Amashakwe yanashikilia mpigo usiobadilika. Ibishikizo vinafuata inkiranya. Anayepiga igishikizo akichelewa kidogo tu, hata mtoto aliyesimama pembeni anageuka kutazama. Basi gitaa lako ndilo inkiranya, na dilei ni mpiga igishikizo uliyemwajiri mwenyewe. Kwa nini umruhusu apige anapotaka?

Sasa hesabu. Hesabu mipigo ya wimbo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, upate mipigo ya dakika. Gawanya 60,000 kwa namba hiyo. Jibu ni milisekunde za mpigo mmoja. Wimbo wa mipigo 120 ni milisekunde 500. Marudio yanayoangukia robo tatu ya mpigo, mtindo uliovumishwa na The Edge wa bendi ya U2 na kuchukuliwa na wapiga gitaa wa kuabudu dunia nzima, yatakuwa milisekunde 375.

Chukua wimbo wa kuabudu wa mipigo 72. Mpigo mmoja ni milisekunde 833, robo tatu yake 625. Inapendeza. Kisha kiongozi wa kwaya anainua mkono, mpiga ngoma anapandisha hadi 132, waumini wanasimama, na wewe umeacha pedali pale pale kwenye 625. Kwa mwendo huo mpya, kila mpigo una nafasi nne ndogo za takriban milisekunde 114. Gawanya 625 kwa 114: unapata nafasi tano na nusu. Marudio yako yanatua katikati kabisa ya nafasi mbili, mahali ambapo hakuna chombo kingine chochote kinachopiga. Ndiyo maana mpiga ngoma anakugeukia kwa jicho kali. Anasikia mtu wa pili anayepiga nje ya wimbo, na mtu huyo ni wewe.

Kwa wimbo wa kucheza wa Kirundi ambao kila mpigo unagawanyika mara tatu, sahauni robo tatu. Tumieni theluthi mbili. Mwendo wa mipigo 100 una milisekunde 600 kwa mpigo, kwa hiyo wekeni 400. Kama pedali ina swichi ya kugonga mwendo kwa mguu, igonge mara nne pamoja na ngoma, itapima yenyewe. Kugawanya mara tatu au nne utachagua wewe.

Na katika sebene kamili? Zima. Katika muziki wa Kongo kazi hiyo tayari ina mwenyewe. Bendi ya OK Jazz, iliyoanzishwa Leopoldville mwaka 1956 na wanamuziki akiwemo mpiga gitaa kijana Franco, ilikuja kuweka kati ya solo na ridhimu gitaa la mi-solo, linalojaza nafasi ambazo solo anaziacha. Mi-solo ni mtu mwenye masikio, anayejua lini anyamaze. Ukiwasha dilei juu yake, umemvamia kitini mwake. Hifadhi sauti mbili kwenye pedali yako: ya kuabudu yenye dilei, ya sebene isiyo nayo. Unabadilisha kwa kukanyaga mara moja.

*Kuna kijana anauza "sauti za Franco" kwa simu, unaziingiza kwenye pedali. Ni za kweli?* (Nyakabiga)

Usinunue. Franco alikuwa na vidole.

*Kanisani hatuna amplifaya ya gitaa, nachomeka moja kwa moja kwenye miksa. Distoshoni inalia kama nyuki ndani ya kopo.* (Kinama)

Spika ya amplifaya ya gitaa hukata sauti kali za juu, na masikio yetu yamezoea gitaa lililokatwa hivyo. Spika za kanisa hazikati, zinatoa zote. Ndani ya pedali nyingi za efekti nyingi kuna mwigo wa spika ya gitaa. Uwashe unapokwenda kwenye miksa. Uzime unapokwenda kwenye amplifaya. Punguza pia distoshoni kwa nusu. Riverbu iondoe kabisa, kwa sababu kanisa la matofali matupu na paa la bati lina yake ya kutosha. Sauti za kiwandani zimepikwa zimvutie mtu aliye peke yake dukani, hazikupikwa kwa ajili ya kwaya ya watu arobaini.

*Dilei iwe kabla au baada ya distoshoni?*

Baada. Ikitangulia, distoshoni inayakoroga marudio yote kuwa uji.

*Nikigusa maiki kwa mdomo huku nimeshika nyuzi, napigwa shoti. Fundi mmoja alikata pini ya ardhi ili mvumo uishe, na kweli uliisha.* (Kamenge)

Ndugu yangu, usiguse gitaa hilo tena mpaka waya wa ardhi urudishwe. Nakuomba. Nyuzi zako zimeunganishwa na bodi ya amplifaya. Amplifaya ikivuja umeme bila ardhi, njia pekee iliyobaki ni mwili wako, kutoka vidoleni hadi midomoni. Mvumo unatibiwa kwa kuchomeka miksa na amplifaya kwenye chanzo kimoja chenye ardhi, na kwa kebo nzima. Ekstensheni za sokoni zenye matundu mawili tu hazina ardhi hata kama ukutani ipo. Aliyekukatia pini hakujua anachofanya, au alijua na hakujali.

*Betri ya pedali inaisha hata nisipopiga.*

Chomoa jeki ya gitaa ukimaliza. Ikiwa ndani, pedali imewaka.

*Kwaya yetu ina gitaa moja tu. Hatuna ridhimu wala mi-solo, na watu wanasema sauti ni nyembamba. Mimi ni msichana wa miaka 17, nimejifunza peke yangu.* (Kanyosha)

Binti yangu, hapa ndipo dilei inapostahili mahali pake. Ipe kazi ya yule mi-solo ambaye hamna. Weka rudio moja tu, sauti yake iwe theluthi ya sauti ya gitaa lako, muda uwe robo tatu ya mpigo, au theluthi mbili mkiimba wimbo unaogawanyika mara tatu. Kisha piga noti chache kuliko ulivyozoea, uache nafasi ijibiwe. Fanya mazoezi wiki mbili na saa ya mwendo ya simu kabla ya kwenda nayo mbele ya watu. Na mwombe fundi mitambo amwekee mpiga ngoma spika ndogo ayasikie marudio hayo. Asipoyasikia atakimbia, nawe utabaki nyuma na pedali yako.