Faili Inapofika: Kompyuta Hujuaje Kwamba Ni Nzima?

Barua ya posta haiwezi kufika nusu leo na nusu kesho. Aipokeaye huishika ikiwa nzima. Faili ya kompyuta haina sifa hiyo. Ipelekwapo kwa waya kutoka mtambo hadi mtambo, husafiri vipande vipande, na kwa kawaida jina lake huonekana katika diski ya mpokeaji kabla kipande cha mwisho hakijaandikwa. Tofauti hii ndiyo chanzo cha taabu kubwa pale mashirika mawili yanapotaka kompyuta zao zipokezane hati na kuzishughulikia papo hapo zifikapo, bila ya karani kukesha akingoja.

Kanuni za kwanza za kupelekeana faili katika mtandao wa ARPANET wa Marekani ziliandikwa na Abhay Bhushan wa MIT mwezi wa Aprili 1971, na toleo la FTP lililoenea likatoka Oktoba 1985. Kanuni hizo hufundisha namna ya kusafirisha. Nini kifanyike baada ya mzigo kutua ni juu ya mpokeaji.

Njia kongwe ya kungoja ni ya mlinzi wa zamu: programu huamka kila baada ya dakika kadhaa, hukagua diski, kisha hulala tena. Njia nyingine ni kuarifiwa. Tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005, kiini cha mfumo wa Linux, kwa huduma iitwayo inotify, chaweza kuiamsha programu mara faili inapozaliwa, na tena inapofungwa baada ya kuandikwa. Habari ya pili ndiyo yenye manufaa. Lakini hata hiyo isiaminiwe peke yake, kwa kuwa waya ukikatika katikati ya safari, programu inayopokea huifunga faili vilevile, nayo ingali nusu. Mpelekaji mwangalifu huipa faili jina la muda, kisha hulibadili safari ikisha. Kubadili jina ndani ya diski moja ni tendo lisilo na nusu: jina jipya lipo au halipo.

Yaliyomo nayo hayana budi kukaguliwa. Mfano mzuri ni malipo ya mishahara kupitia benki za Marekani, katika utaratibu uitwao ACH. Kila mstari wa faili una nafasi 94 za herufi. Mstari wa kwanza huanza kwa 1. Mstari wa kufungia huanza kwa 9, nao hutaja idadi ya maingizo, jumla ya fedha, na jumla moja ya ajabu, yaani ya namba za benki zenyewe. Hakuna mhasibu anayeihitaji. Ni sawa na kujumlisha namba za nyumba za mtaa mzima. Kazi yake ni ukaguzi tu. Iwapo namba hizo, kwa kuzifupisha, ni 1234, 2005 na 3110, jumla ni 6349. Mpokeaji hujumlisha upya. Akipata 3239, ingizo la tatu limepotea. Akipata 6394, huenda 2005 imegeuka kuwa 2050. Ila maingizo mawili yakibadilishana mahali, jumla haitasema neno.

Limebaki kosa lililo baya kuliko faili nusu, nalo ni faili ifikayo mara mbili. Stakabadhi ya kupokea ikipotea njiani, mpelekaji hupeleka tena, wala hana hatia. Kompyuta ilipayo kila kinachotua italipa mishahara ya mwezi mara mbili. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa ACH hubeba tarehe, pamoja na alama ya kutofautisha faili za siku moja, na mpokeaji huweka daftari la zile zilizokwisha kushughulikiwa. Wakati wa kuandika daftari hilo si jambo dogo. Likiandikwa kabla ya malipo na umeme ukazimika, wafanyakazi hawatalipwa. Likiandikwa baadaye, huenda wakalipwa mara mbili. Hapana budi daftari na malipo viandikwe pamoja katika hazina moja ya kumbukumbu, kwa tendo moja ambalo likikatizwa hufutika lote.