Kauli za Masharti na Nafasi ya Uwezekano katika Kuzipima

Utangulizi

Kauli ya masharti ni ile yenye muundo wa "ikiwa hivi, basi vile." Makala haya yanachunguza namna watu wanavyoipima kauli ya aina hiyo, na funzo ambalo mtafiti wa sarufi anaweza kulipata humo.

Jaribio la kadi nne

Mnamo mwaka wa 1966, mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alieleza jaribio la kadi zenye herufi upande mmoja na nambari upande wa pili. Tuseme zinazoonekana ni E, K, 4 na 7, nayo kanuni ni hii: ikiwa upande mmoja una irabu, basi wa pili una nambari shufwa. Ni kadi zipi zigeuzwe ili kubaini ukweli wa kanuni? Wengi huchagua E na 4. Kimantiki, jibu ni E na 7. Irabu nyuma ya 7 ingeivunja kanuni, ilhali hakuna herufi nyuma ya 4 inayoweza kuivunja.

Utetezi wa uwezekano

Uteuzi huo ulihesabiwa kuwa kosa kwa muda mrefu. Mwaka wa 1994, Mike Oaksford na Nick Chater waliutetea. Kwa maoni yao, watu huteua ushahidi unaotarajiwa kupunguza shaka zaidi. Kwa kuwa mambo yanayotajwa katika kauli za masharti aghalabu ni adimu, kadi ya 4 hutarajiwa kuleta habari nyingi kuliko ya 7.

Chukua kanuni hii ya Kiswahili: nomino ikitaja mtu au mnyama, basi hupatanishwa kwa A-WA. Anayepekua sentensi zisizo za A-WA atakutana na viti, visu na mawe, ukurasa baada ya ukurasa; uwezekano wa kumpata mtu humo ni mdogo. Ni busara aanze na kipofu na kifaru, kisha atazame sentensi za A-WA zinataja nini.

Hata hivyo, "Kijitoto kile kinalia" na "Jitu lile limekuja" zimo katika KI-VI na LI-YA. Aliyekomea kwenye sentensi za A-WA hatazipata, hata akikusanya mifano elfu.

Hitimisho

Uwezekano ni mwongozo mzuri wa pa kuanzia utafiti, lakini wingi wa mifano inayoafiki kanuni si uthibitisho wake. Mwanafunzi anayeandika "nomino zote" katika tasnifu yake hana budi kutafuta pia pale ambapo kanuni ingeweza kuvunjika.