Somo la 9: Mwisho Uliotajwa Mapema

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Isa. 46:9, 10, Marko 8:31–33, 9:30–34, 10:32–37, Mt. 27:62–66; Luka 24:1–27; Yn. 11:1–44, Yona 4, Mdo. 1:6–8, 28:16–31, Dan. 12:8–13.

Fungu la Kukariri: Yohana 14:29. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila siku ya juma hili.

Mnamo Novemba 1952 mchezo wa kuigiza wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap ulianza kuoneshwa jijini London, na isipokuwa kwa kipindi cha ugonjwa wa korona haujakoma hadi sasa. Ni hadithi ya mauaji. Mchezo unapokwisha, mmoja wa waigizaji huwaomba watazamaji wasiende kumwambia mtu yeyote muuaji ni nani. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock naye alipotoa filamu yake Psycho, alitaka majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza, na akawasihi waliokwisha kuiona wasitoboe siri ya mwisho wake. (Mkristo atazame nini na aache nini ni somo la siku nyingine. Hapa tunaazima mfano tu.)

Sisi nasi tuko hivyo hivyo. Mtu akianza kutusimulia kitabu ambacho bado tunakisoma, tunamzuia: “Usinimalizie utamu!” Mungu, hata hivyo, anafanya kinyume. Katika Isaya 46 Anataja jambo hilo kuwa alama inayomtenganisha na sanamu zinazobebwa mabegani: Yeye hutangaza mwisho tangu mwanzo. Juma hili tutauliza kwa nini Ameamua kututajia mwisho, na kwa nini mara nyingi tunaishi kama watu ambao hawajawahi kuusikia.

JUMAPILI
Steringi Hafi

Waliokulia mitaa yenye mabanda ya video wanaujua msemo huu: steringi hafi. Mhusika mkuu anaweza kupigwa, kufungwa kamba, hata kutupwa mtoni, lakini watoto waliokaa kwenye mabenchi hawana wasiwasi. Wanajua kwamba atainuka na adui zake watalipa.

Soma Marko 8:31–33, 9:30–34, na 10:32–37. Kila mara Yesu alipotaja mwisho Wake, wanafunzi walifanya nini mara baada ya hapo?

Marko ameweka tangazo hilo mara tatu, katika sura tatu zinazofuatana. Mara ya kwanza Petro anamchukua Yesu kando na kumkemea. Mara ya pili hawaelewi, wanaogopa kuuliza, na njiani wanabishana nani kati yao ni mkubwa. Mara ya tatu Yesu anaeleza hatua kwa hatua: kukabidhiwa kwa makuhani wakuu, kuhukumiwa, kutiwa mikononi mwa Mataifa, kudhihakiwa, kutemewa mate, kupigwa mijeledi, kuuawa, na kufufuka. Hakuacha kitu. Na aya inayofuata Yakobo na Yohana wanaomba viti vya kuume na kushoto.

Tusiwacheke. Petro alikuwa ametoka tu kukiri kwamba Yesu ndiye Kristo (Marko 8:29), na jibu lake lilikuwa sahihi. Shida ni kwamba tayari alikuwa na hadithi ya Masihi kichwani mwake, na katika hadithi hiyo steringi hafi. Neno “kuuawa” lilimfunga masikio kiasi kwamba neno “kufufuka” halikupata pa kuingilia. Alitajiwa mwisho wote, akasikia nusu.

Je, kuna ahadi au onyo la Mungu ambalo umelisikia nusu kwa sababu ulikuwa tayari umeamua maisha yako yaishe vipi?

JUMATATU
Nani Aliyekumbuka?

Soma Mathayo 27:62–66, kisha Luka 24:1–12. Linganisha kumbukumbu ya adui za Yesu na ya rafiki Zake.

Hapa kuna jambo la kushangaza, na la aibu kidogo. Siku iliyofuata kusulubiwa, makuhani wakuu na Mafarisayo walimwendea Pilato wakaomba kaburi lilindwe, kwa sababu walikumbuka kwamba Yesu alisema atafufuka baada ya siku tatu. Hawakuamini, ila walikumbuka. Wanafunzi waliompenda, waliokula Naye na kulala Naye njiani, hawakuweka hata mtu mmoja wa kusubiri alfajiri. Wanawake walikwenda kaburini na manukato ya maiti, na ikabidi malaika wawakumbushe kile walichoambiwa Galilaya.

Wale wawili waliokuwa wakienda Emau wanasikitisha zaidi. Yasome tena maneno yao katika Luka 24:19–24. Wao wenyewe wanaitaja siku ya tatu! Wanataja habari za wanawake, kaburi tupu na malaika. Vipande vyote viko mikononi mwao, lakini wanatembea kuelekea kijiji kilicho umbali wa takribani kilomita 11 na nyuso zimekunjamana.

Yesu hakuanza kwa kuwaonesha mikono Yake. Aliwarudisha kwenye Musa na manabii, yaani kwenye Maandiko waliyoyasoma tangu utoto, ili wayasome upya wakiwa sasa wanajua yanaelekea wapi. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti uliotumia hadithi fupi 12. Kwa jumla, wasomaji waliotajiwa mwisho kabla ya kusoma walisema waliifurahia hadithi zaidi ya wale ambao hawakutajiwa. Tafiti nyingine zilizofuata hazikukubaliana nao, kwa hiyo tusijenge fundisho juu yake. Lakini kila mzazi amewahi kuombwa na mtoto arudie hadithi ile ile ya jana. Mtoto anajua fisi ataishia wapi. Anachotaka sasa ni njia, kila kona yake. Njiani kwenda Emau mioyo ya wawili wale iliwaka kwa Maandiko yale yale ambayo asubuhi hayakuwaambia kitu.

Kwa hiyo Yohana 14:29, fungu letu la kukariri, linaeleza kusudi la Yesu kutaja mambo mapema. Chunguza: linasema imani ingekuja lini? Kabla ya jambo kutokea, au likishatokea?

JUMANNE
Machozi ya Anayejua Mwisho

Soma Yohana 11:1–44 polepole. Andika pembeni kila mahali panapoonesha kwamba Yesu alijua jinsi mambo yatakavyoisha.

Katika aya ya 4 anasema ugonjwa huo hautaishia katika mauti. Katika aya ya 11 anauita mauti usingizi na kusema anakwenda kumwamsha Lazaro. Katika aya ya 23 anamwambia Martha waziwazi kwamba ndugu yake atafufuka. Yesu alikuwa amebakiza hatua chache tu kufika kaburini, na dakika chache tu kabla ya Lazaro kutoka akiwa amefungwa sanda. Kama kujua mwisho kunakausha machozi, hakuna aliyekuwa na sababu ndogo ya kulia kuliko Yeye.

Alilia.

Angalia pia kwamba dada hawa wawili walimwambia Yesu maneno yale yale (aya ya 21 na 32): angekuwapo, ndugu yao asingekufa. Martha alijibiwa kwa mazungumzo. Alijua fundisho la ufufuo wa siku ya mwisho na alilisema bila kukosea, naye Yesu akamwongoza kutoka kwenye fundisho hadi kwa Yeye aliye ufufuo wenyewe. Mariamu, aliyeanguka miguuni Pake, hakufundishwa kitu. Yesu aliuliza wamemweka wapi, kisha akalia pamoja naye. Maneno ni yale yale, wafiwa ni wawili, na Bwana anajibu kwa namna mbili.

Sisi Waadventista tunajua mengi kuhusu hali ya wafu, na tunashukuru kwa nuru hiyo. Lakini nuru inaweza kumulikwa machoni mwa mtu. Katika msiba mmoja mwandishi wa somo hili alikuwapo mama aliyempoteza mwanawe wa pekee walipoanza kufika washiriki wa kanisa. Wa kwanza hakukaa. Alisimama chini ya turubai, Biblia mkononi, akamwambia mama asilie kwa kuwa atamwona mwanawe asubuhi ya ufufuo. Wa pili akarudia hayo hayo, na wa tatu pia. Baadaye akaja jirani, mzee ambaye hata si wa imani yetu, akavua viatu, akaketi mkekani kando ya mama yule, akanyamaza. Miezi kadhaa ilipopita mama alisema, “Ndugu zangu wa kanisani waliniambia jambo la kweli ambalo nililijua. Mimi ndiye niliyelifundisha darasa la watoto kwa miaka mingi. Siku ile nilihitaji mtu wa kukaa.”

Je, walikosea kutaja ufufuo? Hapana. Paulo anawaagiza Wathesalonike wafarijiane kwa maneno hayo hasa (1 The. 4:18). Lakini katika aya ya 13 ya sura hiyo hakatazi huzuni. Anakataza huzuni ya wasio na tumaini. Kuna kuhuzunika kwa wenye tumaini, na Bwana Mwenyewe alikuonesha Bethania. Mwisho unaosemwa haraka mno, na mtu ambaye hajaketi, mfiwa huusikia kama amri ya kunyamaza.

Fikiria aliyefiwa karibuni katika kanisa lako. Nani amekwisha kwenda kumwambia jambo? Nani amekwenda kukaa?

JUMATANO
Miisho Iliyoachwa Wazi

Soma Yona 4:5–11, Luka 15:25–32, na Matendo 28:16–31. Ni habari gani tungependa kuipata ambayo hatukupewa?

Mungu anayetangaza mwisho wa dunia ameacha baadhi ya hadithi Zake bila mwisho. Kitabu cha Yona kinakatika katika swali. Nabii ameketi mashariki ya mji, amekasirika kwa sababu ya mtango uliokauka, na Mungu anamuuliza kama Yeye asiuhurumie Ninawi wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia. Yona alijibu nini? Hatuambiwi. Ndugu mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu tunamwacha nje ya nyumba, baba akimsihi, ngoma zikisikika ndani. Je, aliingia? Luka hasemi. Na Luka huyo huyo anatuacha na Paulo katika nyumba ya kupanga huko Rumi, miaka miwili, akihubiri kwa ujasiri. Baada ya sura nyingi za mashitaka, rufaa na merikebu kuvunjika, hatusikii hata neno moja la hukumu ya Kaisari.

Ni rahisi kudhani kwamba kurasa zimepotea. Lakini tazama waliokuwa wakiusikiliza mfano ule: Mafarisayo walionung’unika kwa sababu Yesu anakula na wenye dhambi (Luka 15:2). Wao ndio waliokuwa wamesimama nje ya mlango. Kama Yesu angesema ndugu mkubwa aliingia, wangejipongeza. Kama angesema alikataa, wangekwenda zao. Aliwaachia aya ya mwisho waiandike kwa miguu yao.

Basi mwisho wa mambo yote umetajwa, ila jibu la kila mtu halikutajwa. Ufunuo 21 inatuambia kwamba mji upo na machozi yatafutwa. Haikuandika jina la jirani yako kuwa lazima awe nje.

ALHAMISI
Saa Ambayo Hatukupewa

Soma Matendo 1:6–8. Wanafunzi waliuliza nini, na walipewa nini badala yake?

Kanisa letu lilizaliwa kutoka kwa watu waliodhani wanaujua mwisho pamoja na tarehe yake. Oktoba 22, 1844, waumini waliomfuata William Miller walimngoja Bwana. Baadhi ya wakulima waliacha mazao yao shambani. Usiku ukapita. Walilia hadi kukapambazuka, na majirani wakawadhihaki.

Wengi waliacha kabisa. Kikundi kidogo kilirudi kwenye Maandiko, kama wale wa Emau, na kugundua huduma ya Kristo katika patakatifu pa mbinguni (Ebr. 8:1, 2). Miller mwenyewe alifariki mwaka 1849 akiwa bado anamtumaini Bwana anayekuja. Alikosea kuhusu saa. Hakukosea kuhusu Nani.

IJUMAA

Kwa Mafunzo Zaidi: Soma sura zinazohusu Lazaro na safari ya Emau katika kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, na sura ya mwisho ya Pambano Kuu. Kisha rudi kwenye Danieli 12:8–13. Danieli alisikia, lakini hakuelewa. Aliuliza mwisho wa mambo hayo utakuwaje, na akaambiwa aende zake, kwani maneno yametiwa muhuri. Hakupewa maelezo zaidi. Alipewa ahadi kwamba atapumzika, na kwamba atasimama katika fungu lake siku za mwisho.

Maswali ya Kujadili

1. Mtu mmoja darasani anasema, “Kama Mungu anajua mwisho, kuomba kunasaidia nini?” Mtamjibuje kwa kutumia Yohana 11:41, 42?

2. Kwa nini adui za Yesu walikumbuka tangazo la ufufuo wakati rafiki Zake walilisahau? Je, huzuni inaweza kumfanya mwamini asahau kile ambacho asiyeamini anakikumbuka?

3. Wekeni mpango, kabla ya darasa kufungwa, wa nani atakwenda kukaa na mfiwa mliyemtaja Jumanne, na siku gani.

4. Fikiria mtu ambaye umekwisha kumwandikia mwisho mbaya moyoni mwako. Ungependa kumwambia Mungu nini juu yake jioni hii?