Mtoto Aliyelazwa Pangoni

Masomo: Mwanzo 23, Yoshua 24:32, Amosi 2:1–3

Sara alipokufa, Abrahamu hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kumzikia mkewe. Alikuwa mgeni katika nchi ya Kanaani. Wenyeji walitaka kumpa mahali bure, naye akakataa, akampimia Efroni shekeli 400 za fedha kwa shamba lenye pango la Makpela. Mara nyingi twaisoma sura hii kwa haraka, kana kwamba ni habari ya hati ya shamba tu. Lakini sura nzima ya Biblia imeandikwa kwa ajili ya jambo moja: mahali pa kumlaza marehemu.

Mwezi huu twataka kutazama pango lingine, ambalo halimo katika Maandiko, nalo lipo Pwani ya Kenya.

Katika Kaunti ya Kilifi, yapata kilomita 15 kutoka baharini, kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wenzao wa kutoka Ujerumani na kwingineko, walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Mwaka 2013 waliona vipande vya mifupa, laini mno, vya kusagika vikiguswa. Mwaka 2017 wakalifunua shimo zima, dogo la mviringo, kama mita 3 chini ya sakafu ya sasa ya pango. Hapo hawakuthubutu kuing'oa mifupa. Walilifunga donge zima la udongo kwa plasta, kama mguu uliovunjika unavyofungwa hospitalini, wakalipeleka Nairobi, na baadaye Burgos, Hispania, ambako lilifunguliwa polepole katika maabara. Habari zake zilitangazwa Mei 2021.

Ndani yake alikuwamo mtoto. Meno yalionyesha kwamba alikuwa binadamu kama sisi, mwenye umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita, na hilo ndilo kaburi la kale kuliko yote ya watu kama sisi yaliyothibitishwa katika Afrika. Wataalamu walimpa jina la Mtoto.

Miaka hiyo ilijulikanaje? Njia ya kaboni, ambayo wengi tumeisikia, haifiki mbali kupita miaka 50,000 hivi. Basi walipima mchanga. Chembe ya mchanga ikifukiwa gizani hukusanya nguvu kidogo kidogo kutokana na mionzi iliyomo ardhini. Ikichochewa katika maabara, huitoa nguvu hiyo kama mwanga hafifu, na kwa kuupima mwanga hujulikana chembe ile imekaa gizani muda gani. Wako watakaofadhaishwa na hesabu kubwa namna hii. Hatuna nia ya kuwabishia. 2 Petro 3:8 yatosha kututuliza wakati tukiendelea kusoma.

Lakini pengine mtoto huyu alifia tu pangoni, akafunikwa na vumbi? La. Udongo uliomo shimoni ulikuwa tofauti na ule ulioko kando yake. Ulikuwa umezolewa kutoka sakafu ya pango na kurudishwa juu yake. Mifupa kadhaa ilikuwa bado imeshikamana mahali pake, ishara kwamba mwili ulifukiwa mapema, kabla haujaharibika. Alilazwa kwa ubavu wa kuume, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mtulinga na mbavu za juu zilikuwa zimegeuka kwa namna ionekanayo mwili ukiwa umefungwa kwa kubanwa, labda kwa majani au ngozi za wanyama: twaweza kusema, sanda. Nacho kichwa kilikuwa kimeinama na kushuka, kama kitokeavyo kichwa ambacho kitu kilicho chini yake kimeoza. Yaani aliwekewa mto.

Tusimame kidogo hapo. Sanda imekwisha, mto umekwisha, wala hakuna aliyeviona. Bali mifupa imehifadhi umbo la mahali vilipokuwa. Wale kati yetu waliopata kumzika mtoto wanajua kwamba maiti hahitaji mto. Hata hivyo aliwekewa.

Yako mambo ambayo mifupa haikusema. Haikusema kama alikuwa wa kiume au wa kike, kwa maana kwa mtoto mdogo hivyo tofauti hiyo haionekani wazi katika mifupa. Haikusema wazazi walisali nini, wala kama walisali. Mhubiri asije akapanda mimbarani na kusema kwamba watu wale waliamini ufufuo. Twajua waliona uchungu, na ya kuwa walikuwa na uangalifu; basi.

Sasa tufikie swali ambalo tumeulizwa mara nyingi: je, si dhambi kuwachimbua wafu? Swali hili si la kudharauliwa. Kwa Amosi twasoma kwamba Moabu alihukumiwa kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu mpaka ikawa chokaa. Edomu hakuwa Israeli, lakini Mungu aliihesabu aibu ile. Kwa upande mwingine, mifupa ya Yusufu ilitolewa Misri, ikabebwa jangwani, ikazikwa Shekemu, wala hakuna aliyelaumiwa. Basi kuisogeza mifupa si kosa kwa yenyewe. Lililo zito ni nani anaichukua, kwa idhini ya nani, na kwa kusudi gani.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, mafuvu ya watu wengi wa Afrika Mashariki yalichukuliwa na kupelekwa Berlin, wapate kupimwa na kulinganishwa kabila kwa kabila. Uchunguzi uliofanywa huko huko umehesabu zaidi ya 1,100, mengi sana yakiwa ya kutoka Rwanda, mengine Tanzania. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwaka 1900, na jamaa zake wamelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Mwaka 2023 wachunguzi wa Berlin walitangaza kwamba, kwa kupima vinasaba, wamewapata Tanzania jamaa walio hai wa baadhi ya waliochukuliwa. Elimu iliyowageuza watu wale kuwa namba kabatini, sasa imeanza kuwarudishia ukoo wao. Kwa maoni yetu imechelewa mno.

Vikundi vinavyokutana majumbani visome masomo yaliyotajwa hapo juu, pamoja na 2 Samweli 21:10–14, habari za Rispa aliyeilinda miili ya wanawe mchana na usiku. Kisha mjadiliane: kama makaburi ya kale yangeonekana kesho katika shamba la kanisa letu, tungemwita nani kwanza, na tungeomba kwamba mifupa ile ifanyiwe nini baada ya kuchunguzwa?